Barua za Word zilivyotulia kwenye Ubuntu

Nilipotoka Windows na kuhamia Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, nilichokikosa zaidi ni Word. Barua za ofisini zilizoandikwa kwa fonti (mtindo wa herufi) ya Calibri zilifunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka, zikiwa zimevurugika: jedwali la bajeti limekatika katikati, sahihi ya mkurugenzi imesukumwa peke yake ukurasa wa pili. Barua ya namna hiyo huwezi kumpelekea mfadhili.

Chanzo ni fonti. Calibri na Cambria haziji na Ubuntu, hivyo programu huweka fonti nyingine yenye herufi za upana tofauti, na mistari yote inasogea. Dawa ipo, tena ya bure: Carlito ina vipimo vilevile vya Calibri, na Caladea vya Cambria. Nilifungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Nikaifunga LibreOffice na kuifungua upya. Sahihi ikakaa mahali pake.

Kwa aliyezoea menyu za Word, ndani ya LibreOffice ingia View, kisha User Interface, chagua Tabbed. Na kwenye Tools, Options, Load/Save, General, weka faili zihifadhiwe kama docx, muundo wa faili za Word, wenzako wasisumbuke kuzifungua. Faili za Excel zenye makro nyingi (amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili) ni habari nyingine. Hizo zijaribu moja moja kabla ya kuiaga Windows.