Chumba cha uani na wana wawili wa Yakobo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Samahani tafakari ya wiki hii imechelewa, juzi umeme ulikatika jana nikawa na wageni, alafu kusema ukweli nilikuwa naikwepa, maana inanihusu mimi mwenyewe na haipendezi mzee wa kanisa kujianika. Ila imenikaa kooni, ngoja niiteme.

Mnajua nina vyumba vitatu vya kupangisha hapa Tandika, viwili vya mbele na kimoja cha uani. Mwaka jana hiki cha uani kikawa wazi, dalali akaniletea kijana, umri kama miaka ishirini na tano hivi, fundi friji, kanzu fupi, ndevu zimejaa, suruali imeishia juu ya kifundo cha mguu. Kaniamkia vizuri tu, shikamoo mzee, kakiangalia chumba, kauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, luku ni ya kushea au kila mtu na yake, yaani maswali ya mtu anayetaka kukaa. Alafu akasema kodi ya miezi sita anayo mkononi. Miezi sita! Nami nikamjibu pole sana mwanangu, chumba kimeshachukuliwa tangu asubuhi, huyu dalali hana habari. Dalali akanikodolea macho. Kijana akasema haina neno mzee, Mungu akujalie, akaenda zake.

Jioni mama watoto kaniuliza kwa nini nimemrudisha, nikamwambia siku hizi huwezi jua. Akasema huwezi jua nini? Nikanyamaza, nikaomba chai.

Wiki tatu baadaye chumba nikampa kijana wa kwetu, mwanakwaya, tena anaimba besi. Kalipa miezi mitatu kakaa mitano, siku moja tunaamka mlango uko wazi, mtu kaondoka usiku na balbu kachomoa. (Na msije mkasema wanakwaya ni wezi, ndo hicho hicho ninachotaka kukikataa leo.)

Sasa neno letu ni Mwanzo 34. Najua sio sura ya kusoma mezani na watoto, lakini isomeni. Dina binti Yakobo anatendewa uovu na kijana mmoja, Shekemu mwana wa Hamori. Mmoja. Ndugu zake wanaumia, na nani asingeumia, ni dada yao. Wanawaambia watu wa mji ule sawa tutaoana, ila sharti wanaume wote mtahiriwe kama sisi. Wale wakakubali, na siku ya tatu wakiwa bado na maumivu Simeoni na Lawi wakachukua kila mtu upanga wake wakaingia mjini wakaua wanaume wote. Wote, hata yule ambaye pengine siku ya tukio alikuwa shambani kwake hajui lolote. Wengine wakaja nyuma yao wakabeba kondoo, punda, wanawake na watoto.

Hii sura nimeisoma miaka mingi nikidhani ni habari ya hasira. Safari hii nimeona mambo mawili ambayo sikuwahi kuyaona. La kwanza ni hesabu yao. Kwenye kichwa cha Simeoni, Shekemu mmoja ni sawa na mji mzima, akikosa mmoja deni ni la wote. La pili ni silaha yao. Tohara ilikuwa alama ya agano, Mungu alimpa Ibrahimu kwenye sura ya 17, kitu kitakatifu kuliko vyote walivyokuwa navyo mwilini, na hao vijana wakaigeuza mtego wa kumlegeza mtu ili wamchinje. Kwa hiyo yule mjane wa Shekemu, kama angeulizwa siku ile dini ya akina Yakobo ni dini gani, angejibu nini? Angesema ni dini ya kisu. Na ushahidi angekuwa nao, kaburi lile pale.

Yakobo alilijua hilo, ndo maana akawaambia mmenifanya ninuke kwa watu wa nchi hii. Baba wa watu hakushika upanga lakini ananuka.

Najua kuna mtu hapa ataniambia mzee usijilaumu bure, hofu yako ina sababu. Ni kweli ina sababu, sitawadanganya. Tarehe 7 Agosti 1998, Ijumaa asubuhi, mi nilikuwa Kinondoni, vioo vikatikisika tukadhani transfoma imelipuka, kumbe ni ubalozi wa Marekani kule Oysterbay. Siku hiyo hiyo na Nairobi. Kule walikufa watu 213, hapa kwetu 11, na wangekuwa wengi zaidi kama lori la maji lisingekuwa katikati likapokea sehemu ya mlipuko. Na kilichonikaa mimi mwenye nyumba ni kwamba wale waliolipua walipanga nyumba ya kawaida tu hapa Ilala, ndimo lilimoandaliwa lile bomu. Kuna mtu alipokea kodi ile kama ninavyopokea mimi, pengine na chai aliwapa.

Lakini angalieni tena hesabu. Mwezi wa pili mwaka huo huo Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, kundi hilo lililolipua, na wenzake walikuwa wametoa tamko kwamba kuua Wamarekani na washirika wao, raia na wanajeshi, ni wajibu. Yaani serikali ya Marekani ikikosa, basi karani, mpishi, mtu aliyekuja kuomba viza, wote ni deni moja. Simeoni mtupu. Na matokeo yake ni nini? Kati ya waliokufa hapa Dar hakuna Mmarekani hata mmoja. Nairobi katika wale 213 Wamarekani walikuwa 12. Na orodha ya marehemu wa Dar ukiisoma imejaa majina ya Kiislamu, walinzi na wafanyakazi, watu waliotoka nyumbani asubuhi kwenda kutafuta ugali.

Mahakama ya New York mwaka 2001 ilipowahukumu wanne kifungo cha maisha kwa yale mashambulizi iliwaita kwa majina, wewe na wewe na wewe, ulifanya hili siku fulani. Sasa mimi mzee wa kanisa nimekaa Tandika na vyumba vyangu vitatu, miaka ishirini na kitu baadaye nimemhukumu fundi friji kwa ndevu. Ushahidi sina, jina lake lenyewe sikuuliza. Nikajikuta natumia hesabu ile ile ya waliolipua, tofauti yangu mi nilikuwa na chumba wao walikuwa na bomu, na sisemi ni dhambi za uzito mmoja, ila zimezaliwa nyumba moja.

Tena tujiulize sisi tungependa tupimwe hivyo? Mwaka 1994 kule Rwanda, kwenye mauaji ya kimbari, watu walikimbilia makanisani wakidhani ni salama. Parokia ya Nyange walikuwemo kama 1,500, kanisa likaangushwa na buldoza wao wakiwa ndani, na padri wa parokia, Athanase Seromba, mahakama iliyokaa hapa hapa Arusha ilimtia hatiani, rufaa ya 2008 ikampa kifungo cha maisha. Na wenzangu Waprotestanti tusijifanye kutazama pembeni, mchungaji Elizaphan Ntakirutimana wa Wasabato naye alihukumiwa Arusha 2003. Wachungaji hao, wenye Biblia. Na Waislamu wa Rwanda, wachache kama walivyo, wengi wao waliwaficha watu majumbani mwao. Mimi sijawahi kunyimwa chumba, kazi wala siti ya daladala kwa sababu ya Nyange. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia wewe Mkristo hebu kwanza kemea ya Nyange ndo tuongee.

Ila jirani yangu, babu mmoja wa msikiti wa huku kwetu, kila likitokea jambo anaulizwa. Garissa, Kenya, 2015 wanafunzi wameuawa na al-Shabaab, lile kundi la Somalia, anaulizwa, mbona mashekhe wenu hawakemei. Alishakemea mara ngapi huyo mzee, yaani alishakemea mbele yangu mpaka amechoka. Alafu 2023 ikatokea Shakahola, Kilifi, watu waliambiwa wafunge mpaka kufa wamwone Yesu, ikafukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto wadogo wamo. Mi nikajua zamu yangu imefika, leo babu atanitandika. Asubuhi nafagia mbele ya nyumba kaja na bakora yake, akasimama, akasema poleni jamani, msiba mkubwa huu. Basi. Pole. Kama mtu aliyenikuta nimefiwa.

Nilikaa na ile pole siku nzima. Mwaka 2017 mwezi wa kumi lori lililipuka Mogadishu, wakafa zaidi ya watu 500, Waislamu karibu wote, wameuawa na watu wanaojiita watetezi wa Uislamu. Je nilivuka barabara kumpa pole babu? Wala. Nilivuka siku ya Garissa, kumuuliza.

Wiki iliyopita kwenye jumuiya nilipoanza kuligusa hili, mama mmoja (hatajwi, anajijua, na swali lake lilikuwa zuri) akanibana, akasema mzee lakini Yesu mwenyewe kasema mtawatambua kwa matunda yao. Kweli, Mathayo 7:16. Sikuwa na jibu palepale, nikaenda kusoma. Anzia mstari wa 15, anasema jihadharini na manabii wa uongo, watu wawajiao wamevaa mavazi ya kondoo. Wawajiao nyinyi. Hilo neno ni la kupimia wanaopanda madhabahuni kwetu, wale tunaowapa maiki na sadaka, na Shakahola wangelitumia mapema wangepona wengi. Na anazungumzia mti na tunda lake, anayetaka kupima autikise mti huo huo mmoja. Unaenda Kisutu sokoni unanunua embe moja bovu kwa muuzaji mmoja, utarudi nyumbani useme Muheza nzima hakuna embe?

Na kama tunataka kuhesabu matunda basi tuhesabu yote. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lilikuwa linaenda Mandera, kaskazini mwa Kenya, al-Shabaab wakalisimamisha karibu na El Wak, wakawaambia abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja nyuma njia hiyo hiyo ya Mandera walikuwa wameshawashusha na kuwaua watu 28 wasio Waislamu, kwa hiyo kila mtu ndani ya basi alijua maana ya kujitenga. Abiria wakakataa. Wanawake wa Kiislamu wakawapa Wakristo hijabu wajifunike, watu wakagoma wakasema kama ni kuua tuueni wote. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016 hospitalini. Huyu naye ni tunda la dini ile ile, lakini kuna mtu kati yetu aliyewahi kumwona kijana mwenye ndevu akamkumbuka mwalimu Farah? Mi sikumkumbuka.

Wala sisemi tufumbe macho. Kule ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado, Msumbiji, tangu Oktoba 2017 watu wanachinjwa, na Oktoba 2020 wauaji hao walivuka wakaingia Kitaya, Mtwara, kwetu kabisa. Ukiona mtu anafundisha vijana kuua, msikitini au kanisani, sema kwa wahusika, taja alichosema na siku aliyosema. Hapa Mbagala 2012 tuliona ugomvi wa watoto wawili ukageuka makanisa kuchomwa, na wapo waliotaka sisi nasi tukajibu, nashukuru wachungaji na mashekhe walioenda kutuliza. Kuna wakati Simeoni anakaa upande wetu wa barabara, anasubiri tu kuambiwa nenda.

Kitu cha mwisho kuhusu Yakobo. Pale sura ya 34 alipowagombeza wanawe alilalamikia harufu na usalama wake, kwamba wao ni wachache watapigwa. Waliokufa hakuwataja. Wanawe wakamjibu kwa swali, na mzee akanyamaza, sura ikaishia hapo. Ikamchukua miaka mpaka kitandani anakufa Misri, sura ya 49, ndo akasema lile alilopaswa kusema siku ile, nafsi yangu isiingie katika siri yao, na ilaaniwe hasira yao maana ilikuwa kali. Aliilaani hasira. Wana wenyewe waliendelea kuitwa wanawe, na huyo Lawi ndiye tunayekuja kupata kwake Musa na Haruni, hilo tutaliongea siku nyingine maana ni refu.

Mi sijafika kitandani bado kwa hiyo nimeona niseme sasa. Yule kijana nilimuulizia kwa dalali, nikasikia amepata chumba Yombo, ana kibanda chake cha mafriji. Nimepanga kwenda, ninalo friji kweli linavuja, ila sijui nitaanzaje, niombeeni.

Jumatano tukutane kwa Mama Neema saa kumi na mbili jioni, muwe mmeisoma sura ya 34 yote, ni mistari 31 tu. Tutaombea Cabo Delgado na ndugu zetu wa mpakani, na mimi nitavuka na babu wa msikitini kama atakubali kuja kunywa chai, ameshasema hataki mikate yetu ina sukari, presha inamsumbua.

Na chumba cha uani kiko wazi tena. Dalali kanipigia jana kaniuliza mzee safari hii unataka mtu wa aina gani, nikamwambia anayelipa kodi. Akacheka sana akasema sawa mzee, na hao ni wa dini gani?