Tulivyomuenzi mjitoleaji wa korongo kwa picha, si kwa cheti

Kila niliyemwomba ushauri alinitajia cheti chenye fremu au saa ya ukutani. Mtu amepanga mawe na kupanda nyasi kwenye korongo la ardhi ya jamii miaka nenda miaka rudi, halafu umpe saa! Anachostahili ni ushahidi kwamba ardhi imepona mikononi mwake: picha ya zamani, na ya sasa iliyopigwa pale pale aliposimama mpiga picha wa kwanza.

Za zamani zimo kwenye mafaili ya kamati na simu zilizokwisha kutupwa kabatini. Chagua inayoonyesha vitu visivyohama, vya karibu na vya mbali: miamba, mgongo wa kilima. Ya nyasi tupu iache, hata ikipendeza vipi.

Kazi yenye utamu ni kuitafuta ile nafasi. Niliambiwa nivute picha kwa lenzi mpaka ilingane. Ushauri mbovu kabisa! Lenzi hubadilisha ukubwa tu. Jinsi cha karibu kinavyokaa mbele ya cha mbali huamuliwa na pale uliposimama. Anza kushoto na kulia. Ukisogea kulia, mwamba wa karibu huhamia kushoto ukiulinganisha na kilima cha nyuma, basi sogea mpaka mwamba ukikinge kilima pale pale kama kwenye picha. Kisha mbele na nyuma: pima kwa rula nafasi kati ya miamba miwili ya karibu, pima nafasi kati ya vilele viwili vya mbali, gawanya ya kwanza kwa ya pili. Rudia hesabu hiyo kwenye skrini ya kamera. Jibu likizidi la picha ya zamani umekaribia mno, rudi nyuma. Mwisho ni kimo: chuchumaa au panda juu ya jiwe mpaka ncha ya mwamba iguse kilima mahali pale pale. Kila ukirekebisha kimoja, kagua tena vingine, maana huvurugana.

Ujanja ninaojivunia ni wa plastiki ang'avu. Nilifuatisha mistari mikuu ya picha ya zamani kwa kalamu isiyofutika, kwa ukubwa uleule wa skrini, nikaibandika juu yake. Ukikosea hata hatua moja, mistari inakusuta papo hapo.

Msimu nao usiupuuze. Picha ya zamani ya kiangazi ukiiweka kando ya mpya ya masika, sifa zote zitakuwa za mvua, na mjitoleaji mwenyewe atakuwa wa kwanza kukucheka. Saa vilevile: jua la pembeni hutupa vivuli virefu, korongo likaonekana na kina kuliko lilivyo.

Ukishapiga, pigilia kigingi cha chuma hapo chini, uandike kimo cha kamera na uelekeo wa dira. Bila kigingi, atakayekuja baadaye ataanza upya.

Maelezo ya chini ya picha mpe ayasome kabla ya kuchapishwa. Yeye ndiye anayejua ukuta upi wa mawe ulisombwa na maji ukajengwa tena, na nani alishika koleo. Majina ya hao wote tuliyaandika pamoja na lake. Watu wa namna hii huona haya kutajwa peke yao.

Usizitundike nje, jua huchujua wino. Ziweke ndani, ukuta usiopigwa na jua la dirishani, nakala nyingine kwenye bahasha yake.

Tulimkabidhi siku ya kazi, hukohuko korongoni, zana zikiwa bado hazijakusanywa. Hotuba fupi mbili zatosha. Ukumbi na viti vya kukodi wanaovitaka ni viongozi. Ndani ya bahasha tia pia vipimo vya kigingi, maana tulipomaliza swali lake la kwanza lilikuwa ile picha nyingine itapigwa lini.