Nilivyompeleka Shangazi kuisikiliza Msondo jukwaani

Shangazi yangu alifanya kazi Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, pale Ubungo, tangu usichana wake hadi alipopunguzwa kazi. Ukimuuliza habari za miaka hiyo hakuelezi mashine. Anakueleza bendi. Kiwanda kilikuwa na bendi yake, Urafiki Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1970, ya kina Juma Mrisho, yule waliyemwita Ngulimba wa Ngulimba. Chama cha wafanyakazi nacho kilikuwa na ya kwake tangu 1964: NUTA Jazz. Kila chama kilipobadilishwa jina na bendi ikabadilika nacho, ikawa Juwata, ikawa OTTU, mpaka iliposimama kwa miguu yake na kubaki Msondo Ngoma. Kwa Shangazi yote hayo ni kitu kimoja. "Bendi yangu ile, mama," huniambia. "Nilikatwa ada ya chama kila mwezi. Yale magita nimeyachangia."

Sasa ana miaka sabini na ushei, na goti la kulia linamsumbua. Muziki wake ni wa redioni, asubuhi, akichambua mchicha barazani Manzese. Sikukuu ilipokaribia nilimuuliza nimletee kitenge cha aina gani. Akasema kitenge anacho, nimpeleke akaione Msondo ikipiga, kwa macho yake, kabla mguu haujakataa kabisa. Naeleza hapa nilivyofanya, kwa sababu najua nyumba nyingi za Dar zina mzee mwenye hamu kama hiyo na vijana wasiojua waanzie wapi.

Kazi ya kwanza ilikuwa ndani ya familia. Kaka yangu alisema mtu mzima na ukumbi wa pombe wapi na wapi. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba yeye alikuwa akicheza dansi na mume wake wa ndoa wakati kaka yangu hajazaliwa, na soda ilikuwepo tangu enzi hizo. Mjadala ukaishia hapo.

Ratiba niliipata Kariakoo, kwa kijana anayeuza nyimbo za zamani kwenye flashi. Watu hawa wanajua bendi ipi inapiga wapi kuliko tangazo lolote. Nilipomwambia nampeleka nani, aliacha kumhudumia mteja mwingine akanishauri vizuri sana: nisimpeleke siku ya mpambano. Msondo na Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra, wakikutanishwa ukumbi mmoja, mashabiki wanajaa, watu wanasimama mpaka mlangoni, na mgonjwa wa goti hana pa kupita. Akaniambia niutafute usiku wa kawaida, tena Jumapili. Jumapili muziki unaanza mapema kwa sababu kesho yake ni kazi, na wanaokuja ni wale wanaoipenda bendi yenyewe. Ushauri huo naupitisha kama ulivyo.

Jambo lililotusaidia kuliko yote ni kwamba nilikwenda kuukagua ukumbi peke yangu kabla ya siku. Nilihesabu ngazi za kuingilia. Nilikwenda kuona choo, kama ni cha kukaa, maana goti lile halichuchumai. Nilitazama viti: vya plastiki visivyo na mikono havimfai mtu anayehitaji kujiinua kwa kushika kitu. Kisha nikauliza spika zinapangwa wapi. Msimamizi alidhani nimekuja na dosari za kutafuta, lakini nilipomweleza kuna shangazi yangu mtu mzima anakuja, alinipeleka mwenyewe mpaka jukwaani. Tulikubaliana meza ya pembeni, upande wa wapulizaji, nyuma kidogo ya mstari wa spika. Pale sauti kubwa inakupita, inaelekea kwa wachezaji, na wewe unasikia vyombo vyenyewe: tumba kwa ngozi yake, mdomo wa bata, yaani saksafoni, kwa pumzi ya mpulizaji. Nimewahi kukaa katikati, mbele ya spika, kwenye bendi nyingine, nikatoka masikio yanavuma na besi tu ndiyo niliyoisikia. Kwa mtu mzima pembeni ndipo mahali.

Usafiri nilipatana na dereva wa bajaji wa mtaani kwetu, kutupeleka na kuturudisha, saa ya kurudi ikiwa imetajwa. Usiku si wa kuanza kusimamisha bajaji barabarani na mtu anayechechemea.

Tulifika mapema, vijana wakiwa bado wanavuta nyaya. Mlinzi wa mlangoni alimwamkia Shangazi, "Shikamoo mama," akampisha foleni. Shangazi alikuwa amevaa gauni la kijani na viatu vya kamba visivyo na kisigino, na kwenye pochi ameweka noti ndogo ndogo alizoomba nimchenjie. Sikumuuliza za nini.

Bendi za namna hii hazikupi vitu vyao vikubwa mwanzoni. Walianza na nyimbo mpya, waimbaji chipukizi wakipasha koo, watu wakiwa wachache. Shangazi alikaa wima, mikono mapajani, uso wa mkaguzi wa kiwandani. "Huyu anaingia mapema," akasema juu ya kijana mmoja. Wimbo uliofuata akasema, "Sasa amemsubiri gita." Baada ya hapo hakumsema tena.

Kisha zikaanza za zamani, na hapo nilielewa kwa nini redio haikumtosheleza. Nyimbo nyingi za bendi hizi tunazozisikia leo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga pamoja studio. Redioni unapata kisa: mwimbaji anaeleza yaliyomkuta, wenzake wanaitikia, gita la solo linapita katikati kwa upole. Halafu mwendo unapobadilika, wanapoingia kwenye chemko, mtangazaji anashusha sauti, tangazo linaingia. Ukumbini hakuna wa kushusha. Ridhimu ilishika mzunguko wake mdogo, usiochoka, solo likaanza kupanda juu yake, tarumbeta zikajibu, na wapulizaji walipokuwa wakipumua tumba ilibaki peke yake na besi. Nilidhani wimbo unaisha. Shangazi akanishika mkono: "Tulia. Wapulizaji hawajarudi." Wakarudi, wote kwa pamoja, na ukumbi mzima ukasimama. Naye akasimama, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, akacheza palepale alipo, mabega na kiuno tu, miguu haikusogea hata hatua. Alikuwa na mwendo ambao sijawahi kumwona nao nyumbani. Nilicheza karibu naye nikijaribu kumfuata, na kila nilipoharakisha alinigusa begani nipunguze.

Nilikuwa na wasiwasi na jambo moja. Sauti alizozijua zimeondoka. TX Moshi William alifariki mwaka 2006. Muhidin Gurumo alistaafu 2013, ndio mwaka Diamond Platnumz alipomzawadia gari, na Aprili 2014 akatutoka. Wapo wanaosema bila hao Msondo imebaki jina. Nilimuuliza Shangazi wakati wa mapumziko kama hana huzuni. Alisema huzuni anayo, ya watu. Ya bendi hana. Gurumo mwenyewe, akanikumbusha, aliwahi kuiacha: mwaka 1978 alikwenda kuianzisha Mlimani Park na wenzake, 1985 akahamia Orchestra Safari Sound, baadaye akarudi nyumbani. Kila alipoondoka, waliobaki walipiga, na watu wakacheza. Wanamuziki wengi wa wakati ule walikuwa waajiriwa, wanalipwa mshahara na shirika au chama chenye vyombo, na anayewahitaji zaidi huwachukua. Bendi ilizoea kumfundisha anayekuja.

Nimelifikiria sana jibu hilo na nakubaliana nalo kwa moyo wote. Yule kijana aliyekuwa akiingia mapema hakuigiza sauti ya marehemu yeyote. Aliimba kwa sauti yake, lakini alijua pa kunyamaza, na hicho hakijifunzi kwenye flashi, hujifunzwa kwa kusimama jukwaani pembeni ya waliokutangulia, usiku baada ya usiku. Ndiyo maana naumia nikisikia watu wanaziita bendi hizi makumbusho. Wapo hai, wanapiga, na kiingilio chetu ndicho kinachowafanya vijana kama yule wabaki.

Noti ndogo nikazijua kazi yake baada ya mapumziko. Aliniomba mkono, tukaenda taratibu mpaka chini ya jukwaa, akampita mwimbaji, akampita mpiga solo, akaenda kumtunza mpuliza mdomo wa bata. Yule baba aliinama bila kuacha kupuliza, Shangazi akamwekea noti mfuko wa shati. "Waimbaji kila mtu anawatunza," aliniambia tukirudi. "Yule anatoa pumzi, na watu hawamtazami." Akaenda tena mara nyingine, kwa mpiga tumba.

Meza ya jirani walikuwepo kina mama wawili wa rika lake. Mmoja alimtambua kwa kumfananisha na mtu mwingine, lakini hilo halikuzuia mazungumzo. Ndani ya muda mfupi walikuwa wanazitaja bendi za maofisi: Bima Lee ya Shirika la Bima, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Polisi Jazz, nani alikuwa na mpiga besi mzuri, ukumbi upi umegeuzwa ghala. Mmoja ni Sikinde wa kufa na kuzikana, na alikuwa amekuja Msondo, anasema, kwa sababu muziki mzuri hauna kadi ya uanachama. Shangazi hakuikubali hoja hiyo lakini alimnunulia soda.

Tuliondoka kabla ya mwisho, kwa saa tuliyopatana na dereva. Aliyekuwa anapinga kuondoka ni yeye. Nilimshikilia kwenye makubaliano kwa sababu kulikuwa na ngazi, giza, na goti lililochoka, na ningependa kila anayempeleka mzee awe imara hapo: ni vizuri arudi na hamu ya kuja tena kuliko arudi na maumivu ya wiki nzima. Asubuhi goti lilikuwa limevimba kidogo, tukalikanda kwa maji ya moto, jioni likatulia. Masikio hayakumsumbua hata kidogo.

Sasa ni zamu ya Sikinde. Yule mama wa meza ya jirani ametupa namba yake, na amesema atatuonyesha wapulizaji wanavyopaswa kupuliza, kauli ambayo Shangazi anaijibu kila siku akiwa peke yake jikoni. Mwenzao wa tatu naye anakuja, na kaka yangu ameuliza kama kuna nafasi. Bajaji haitatutosha, kwa hiyo nimeongea na mwenye Noah, na Jumamosi nakwenda kuangalia ngazi.