Usukani umetulia jamani!

Wenye gari za turbo zinazovuta kwa matairi ya mbele mnaijua hii: unakanyaga mafuta ukiwa gia ya pili, usukani unakimbilia upande mmoja kama mbuzi anayekataa kamba. Chanzo kikubwa ni shafti za mbele (vyuma vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye matairi) kutolingana urefu, kwa kuwa giaboksi imekaa pembeni.

Nilianza na vya bei nafuu na ndivyo vilivyosaidia zaidi. Bushi (raba) za lowa amu, yaani mkono wa chini unaoshika gurudumu, zilikuwa zimepasuka, fundi kaweka mpya, ngumu kidogo. Mauntingi za injini (raba zinazoishikilia) pia, maana injini ikiinama, pembe za shafti nazo zinabadilika. Kisha tairi za mbele zinazofanana, upepo sawa, alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu). Nimefurahi sana! Kwenye lami yenye mifereji iliyochimbwa na matairi ya malori bado inavuta, ila kidogo.

Ninachokipenda mno ni walivyofanya Ford kwenye Focus RS ya 2009: nguvu za farasi zaidi ya 300, zote mbele, lakini sehemu inayoshika habu (kitovu cha gurudumu) ikaundwa upya ili mhimili ambao gurudumu huuzungukia likikata kona usogee karibu na katikati ya tairi. Waliweka na difu ya LSD, inayozuia tairi moja kuzunguka bure. Hiyo LSD msikimbilie kuinunua kwanza, peke yake inaweza kuzidisha kuvuta.