Samoni wa kupaka kwa mtu mmoja: mradi ulipofikia

Lengo ni chakula cha jioni cha mtu mmoja: kipande cha samoni kilichopakwa sosi nzito inayong'aa, wali wa nazi pembeni na kachumbari kidogo, vyote viwe mezani ndani ya nusu saa tangu nivue koti. Naishi Bergen, magharibi mwa Norwei. Nimeona wengi wetu tunaoishi peke yetu huku tukimaliza siku kwa chai na mkate, na ukiuliza sababu jibu ni lile lile: "Nampikia nani?" Mtu anajipikia mwenyewe, na mwenyewe ni mtu. Ndiyo maana nimeuchukulia mradi huu kwa uzito.

Samoni nilimchagua kwa sababu huku hakosekani duka lolote. Mwaka 1970 ndugu wawili, Ove na Sivert Grøntvedt, walimfuga kwenye vizimba baharini katika kisiwa cha Hitra, na leo Norwei ndiyo inayoongoza duniani kwa kufuga samoni wa Atlantiki. Anauzwa vipande vya gramu 125 hivi, vimegandishwa na kufungwa kimoja kimoja. Kwa anayekula peke yake hilo ni jambo kubwa: unatoa kimoja, vingine vinabaki kwenye friza.

Oktoba: sosi

Nilianza na teriyaki ya Wajapani, yaani soya, sukari na mirin vikichemshwa mpaka vizito. Mirin ni pombe tamu ya mchele na jikoni kwangu haiingii, nikaweka asali na ndimu mahali pake. Ilikuwa tamu, samaki aling'aa vizuri, ila mdomoni hakunifikisha nyumbani.

Halafu nikawaza: sisi Pwani tuna samaki wa kupaka. Changu au tafi anachanjwa, anatiwa chumvi, ndimu, kitunguu thomu na tangawizi, anachomwa kwenye makaa, ndipo anapakwa mchuzi mzito wa nazi na ukwaju huku akigeuzwa. Nilimpigia mama Mombasa nikamuuliza yeye huanza kupaka wakati gani. "Mngoje kwanza awive, mwanangu," akasema. "Ukimpaka mbichi, mchuzi wote utaliwa na makaa."

Tangu siku ile mradi mzima umejengwa juu ya jibu hilo. Maelekezo mengi ya samoni yanasema umlowanishe samaki kwenye sosi, kisha umtie kwenye oveni akiwa amelowa hivyo hivyo. Mnofu mbichi unatoa maji. Sosi inachujuka, inateremka chini ya trei, na sukari yake inaungua huko kabla samaki hajaiva. Uso ukishakauka kwa moto, sosi inashika mahali ilipopakwa. Kwa hiyo sasa samaki wangu anaiva kwanza na chumvi yake tu, sosi inachemka peke yake kwenye kisufuria, na viwili hivyo vinakutana katika dakika tatu za mwisho.

Nazi nimeiondoa kwenye sosi. Changu hana mafuta mengi, tui linamfaa sana. Samoni tayari amejaa mafuta. Ukiongeza tui, kufikia tonge la nne ulimi umechoka. Anachohitaji ni uchachu wa kuyakata mafuta yale, na ukwaju unaifanya kazi hiyo kuliko ndimu, kwa kuwa wenyewe ni mzito na unasaidia sosi kushikana. Nazi imehamia kwenye wali, na hapo imetulia.

Sukari ndiyo iliyonichukua muda mrefu. Asali inang'aa kuliko kitu chochote, lakini ina sukari ya matunda kwa wingi, na hiyo huanza kugeuka rangi kwenye joto la nyuzi 110 hivi. Sukari ya muwa huvumilia mpaka karibu nyuzi 160. Chini ya moto wa juu wa oveni, tofauti hiyo unaiona kwa macho: asali tupu inakwenda kutoka kahawia hadi nyeusi ukigeuka tu kuchukua sahani. Sukari guru tupu inakupa nafasi, na ina ladha ya ndani ninayoipenda, ila mng'ao wake umefifia kidogo. Nimezichanganya nusu kwa nusu na sioni sababu ya kubadilisha tena.

Novemba: samaki mwenyewe

Kipande nakihamisha kutoka friza kwenda kwenye friji asubuhi kabla ya kazi, na kabla hakijaanza kuyeyuka nakitoa kwenye mfuko wake wa plastiki uliofyonzwa hewa na kukiweka kwenye sahani iliyofunikwa. Jioni napitisha kidole juu ya mnofu kutafuta miiba. Ikibaki mmoja au miwili nauvuta kwa kibanio kuelekea upande wa kichwa, hivyo unatoka bila kuchana nyama.

Kisha maji ya chumvi. Gramu 25 za chumvi katika nusu lita ya maji baridi, samaki ndani kwa dakika kumi, nami wakati huo naosha mchele. Anayepika samoni anaujua ule utando mweupe unaojitokeza ubavuni na juu ya mnofu. Ni protini iliyokuwa katika maji ya nyama: misuli ikijikaza kwa joto inaisukuma nje, na huko inaganda. Haina madhara yoyote, lakini inaharibu sura ya sosi, kwa sababu sosi inateleza juu yake. Maji ya chumvi yanaupunguza sana, na pia yanaikoleza chumvi ndani badala ya juu tu. Baada ya hapo namkausha kwa karatasi ya jikoni, pande zote, bila haraka. Ngozi yenye unyevu haikauki kwenye kikaango hata ungeongeza moto.

Kuhusu joto la ndani nina msimamo wangu. Mamlaka za Marekani zinashauri samaki afike nyuzi 63, na mwenye mjamzito, mtoto mdogo au mgonjwa nyumbani afuate hilo bila mjadala. Mimi najipikia mwenyewe, namtoa kipimajoto kikisoma 52 katikati ya sehemu nene, na joto linaendelea kupanda kidogo akiwa amepumzika kwenye sahani. Hapo mnofu unaachana kwa mapande makubwa yenye unyevu. Ukimpeleka mbali zaidi ya sitini anakuwa mkavu, na hakuna sosi ya kumrudisha. Kipimajoto cha jikoni si ghali, na kwa kipande kidogo kama hiki dakika moja ina maana kubwa. Nakihesabu kuwa kifaa muhimu kuliko kikaango kizuri.

Desemba: wali, na suala la mabaki

Kupikia mtu mmoja kuna shida yake: kopo la tui lina mililita 400, nami nahitaji 60. Ukwaju nao unauzwa kwa bonge la kulisha familia. Suluhisho ni trei za barafu. Nikifungua kopo, tui lote naligandisha vipande vipande. Bonge la ukwaju naliloweka, nalikamua, nalichuja na kuligandisha vivyo hivyo. Wali wa siku moja unatumia gramu 80 za mchele wa basmati, vipande vichache vya tui, maji, chumvi. Natanguliza mchele jikoni mara tu samaki anapoingia kwenye maji ya chumvi, na vyote vinamalizika pamoja.

Hali ilivyo sasa

Sosi ya mtu mmoja: vijiko viwili vya mezani vya ukwaju mzito, kijiko kimoja cha mezani cha soya, kijiko kimoja cha chai cha asali, kimoja cha chai cha sukari guru iliyokunwa, punje moja ya kitunguu thomu na kipande kidogo cha tangawizi vilivyotwangwa pamoja, pilipili kwa kadiri ya roho ya mlaji. Ichemke kwa moto mdogo mpaka ukipitisha kidole nyuma ya kijiko alama ibaki. Itoe hapo hapo, maana ikipoa inazidi kuwa nzito. Chumvi usiongeze, soya inatosha.

Kikaango cha chuma, kile kinachoweza kuingia kwenye oveni, moto wa kati, mafuta matone machache. Samaki anaingia upande wa ngozi chini, namkandamiza kwa mwiko sekunde chache ngozi isijikunje, kisha simgusi. Rangi ya mnofu inapauka kutoka chini kwenda juu. Ikifika nusu, kwa kawaida dakika ya nne au ya tano, napaka sosi kwa brashi juu na ubavuni na kukiingiza kikaango chini ya moto wa juu wa oveni. Dakika moja na nusu, natoa, napaka tena, narudisha. Mara ya pili siondoki mbele ya mlango wa oveni. Sosi ikianza kutoa mapovu madogo na pembeni kuingia wekundu wa kahawia, anatoka. Sosi iliyobaki namwagia juu akishakaa kwenye sahani, kando ya wali, na kachumbari ya nyanya na kitunguu iliyokamuliwa ndimu.

Ngozi inaliwa, na kwangu ndiyo tamu kuliko vyote.

Hatua inayofuata ni makareli, samaki wa huku anayenikumbusha vibua. Ni mwembamba zaidi, kwa hiyo dakika zote zitabidi zipangwe upya, na nadhani atataka embe bichi mahali pa ukwaju. Embe lenyewe bado nalitafuta.