Siku moja maishani mwangu: kumrudisha mtoto nyumbani

Saa 10 alfajiri mimi na mwenzangu tulikuwa tumeshaingia mtaani kuwaona watoto wanaolala nje. Saa hiyo watoto wamechoka kukimbia, wanakubali kukaa. Hatubebi pesa wala kamera. Tunabeba dawa za vidonda. Leo alikuwepo mgeni, mdogo kuliko wenzake wote, chupa ya gundi kaificha ndani ya mkono wa sweta, kila baada ya muda anainamisha pua. Watu wakimwona humwita chokoraa na kusema ni utundu. Gundi ile mara nyingi ina toluini, kemikali ambayo mvuke wake unalevya. Inamsahaulisha njaa na baridi kwa muda, huku inaharibu ubongo wake. Sikumnyang'anya. Nilimsafisha kidonda cha kisigino, akanitajia jina. Huenda si lake. Jina la kweli huchukua wiki kadhaa kutoka.

Saa 1 asubuhi tulisali kituoni, wanakokaa watoto waliotoka mtaani, watoto wakaingia darasani. Anayetaka kusali anasali. Imani ndiyo iliyonileta kwenye kazi hii, lakini hakuna mtoto anayetakiwa kuilipia huduma kwa sala.

Saa 2 na nusu nikatoka na mvulana wa miaka 12 aliyekaa nasi miezi 9. Leo ilikuwa zamu yake kurudi kwa bibi yake. Wengi hudhani fahari yetu ni vitanda vilivyojaa. Hapana. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala, yaani ya mtoto asiyelelewa na wazazi wake, inaitanguliza familia, na mimi nilikwenda kwa bibi huyo mara 3 kuhakikisha kwamba kilichomkimbiza mtoto hakipo tena pale. Ilibaki barua moja tu yenye mhuri ya kumruhusu arudi, tukaifuata ofisini.

Afisa katoka kidogo, tukaambiwa. Tukakaa kwenye benchi. Saa 4 faili halionekani. Saa 5 faili limeonekana, mwenye mhuri yuko kikaoni. Mvulana alikuwa na viatu vipya vinavyombana, begi mapajani, anafungua zipu, anafunga, anafungua. Mtoto kama huyu alijikusanyia ujasiri wa siku nzima tangu usiku, na kila saa ya kungoja inaumega.

"Dada, bibi akinikataa?"

"Mwenyewe ndiye aliyeniuliza utafika lini."

Akanyamaza. Akaomba kwenda msalani, begi akaondoka nalo. Nilihesabu dakika 5, zikawa 10, moyo ukanipasuka. Nikamkuta langoni, anatazama barabara ya kwenda mjini, kule waliko wenzake. Singeweza kumshika mkono, ukimshika anakimbia. Nikasimama kando yake, nikaomba kimoyomoyo, nisijue hata naomba maneno gani. Magari yakapita weee.

"Nilikuwa naangalia tu," akasema, akageuka kurudi kwenye benchi.

Mhuri ulipigwa alasiri. Haukuchukua hata dakika moja. Nilikuwa na hasira mpaka mikono ikatetemeka, maana waliokuwa wakitupita koridoni waliona karatasi inasubiri, hawakuona mtoto anasubiri. Nilishukuru, nikachukua barua, tukakimbilia basi.

Safari sikumbuki yote. Nililala, nikaamka, kichwa chake kiko begani kwangu. Giza lilishaingia tulipofika, na miguu yangu ilikuwa imevimba. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na taa. Jirani akaninong'oneza kwamba hajaketi tangu asubuhi. Mvulana akasita hatua chache kabla ya mlango, akavua vile viatu, akavishika mkononi.

Bibi akamwita kwa jina ambalo kwa miezi 9 sikuwahi kulisikia. Akaitika.

Nikaliandika kwenye daftari, na chini yake tarehe ya kuja kumtembelea, wiki 2 kuanzia leo. Ukurasa wa pili nikaandika: mgeni wa alfajiri, kisigino, kabadilishwe bandeji kesho.