Nilivyorudi chuo kilekile kusomea huduma za wanafunzi

Karibu kila niliyemwomba ushauri aliniambia nisirudi chuo nilichosomea shahada ya kwanza. Uzamili kaisome kwingine, walisema, hasa kwa fani ya huduma za wanafunzi, ambayo mtu anatakiwa aone vyuo vya aina mbalimbali kabla hajaajiriwa kwenye kimojawapo. Hoja ilikuwa nzito na mpaka leo naiona nzito. Ila chuo changu ndicho kilichonipa nafasi ya msaidizi katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi, saa 20 kwa wiki, na ada ikafutwa. Nikarudi. Mafunzo kwa vitendo nikayafanyia makusudi kwenye chuo kidogo cha ufundi, walau nione wengine wanavyofanya.

Kwa asiyeifahamu, fani hii inashughulikia yanayomkuta mwanafunzi nje ya chumba cha mhadhara: bweni, nidhamu, ushauri nasaha, vyama, kuahirisha masomo. Nadharia unazisoma darasani, kisha unakwenda ofisini unakutana na wanafunzi wenyewe.

Bosi wangu alikuwa mama aliyenifahamu tangu nikiwa kiongozi wa bweni. Zamani niliingia kwake na shida, sasa naingia na ripoti. Niliendelea kumwita Mama, sikuona sababu ya kubadilisha, lakini nilimwomba jambo moja mapema: kwenye vikao asinitambulishe kama "mtoto wetu wa hapahapa". Alicheka, akakubali. Mara mbili tatu ulimi ulimteleza, nami nikanyamaza.

Wadogo zangu wa chuoni ndio walikuwa mtihani. Niliowaacha mwaka wa kwanza walikuwa wamefika mwaka wa mwisho, na namba yangu ya simu wanayo. Kwa hiyo kabla sijagusa faili lolote niliandika majina ya wote niliokuwa na ukaribu nao, nikampa Mama, tukakubaliana kwamba kesi zao zisipitie kwangu. Orodha ile iliniokoa. Usiku mmoja ukaingia ujumbe: "Dada, faili langu limeshafika kwenu? Nichungulie tu, sikuombi kingine." Ilikuwa kesi ya vurugu bwenini. Nikamjibu: "Mdogo wangu, faili lako silioni na sitaliona, nimejitoa. Nitakwambia ninalomwambia kila mtu: soma barua uliyopewa mpaka mwisho. Muda wa kukata rufaa umeandikwa humo, na imesema pia kama unaruhusiwa kuja na mtu kwenye kikao." Alinuna. Baadaye alikuja dirishani kuuliza rufaa inaandikwaje, nikamwelekeza kwa mwenzangu. Kusema "siruhusiwi" kwa mtu mliyekula sahani moja ni kugumu, lakini kunakuwa rahisi ukiwa huna hata cha kuficha.

Lililonisumbua zaidi ni kwamba nilikijua chuo kupita kiasi. Nilijua karani gani anasaidia na yupi anazungusha watu, mlango gani hufunguliwa mapema. Lakini hayo yote niliyajua kama mwanafunzi wa aina moja: wa mchana, wa bweni, wa vyama. Tulipomsoma mtafiti Vincent Tinto, aliyeandika mwaka 1975 kwamba mwanafunzi akijumuika na chuo kimasomo na kijamii uwezekano wa kuacha chuo unapungua, niliona kama ananieleza mimi. Kisha tukawasoma watafiti Bean na Metzner, wa mwaka 1985. Hao waliwatazama watu wazima, wanaokaa nje ya chuo na wasiosoma kwa muda wote, wakasema kwa watu wa namna hiyo urafiki wa chuoni si mzito kama mambo ya nje: saa za kazi, pesa, familia. Wanafunzi hao chuoni kwetu walikuwepo. Tulikuwa tunapishana tu getini.

Nikaamua kukizunguka chuo saa ambazo sikuwahi kuwepo. Saa kumi na moja jioni wanaingia watu na sare za kazini, mmoja kamshika mtoto mkono, mwingine anakula huku anatembea. Ofisi yetu imefungwa tangu saa kumi. Mlangoni kuna tangazo: fomu za kuahirisha masomo zinapatikana hapa saa za kazi. Saa za kazi zetu ndizo zao pia!

Nilimwandikia Mama ukurasa mmoja, nikiomba siku moja kwa wiki nianze kazi mchana na kukaa hadi saa mbili usiku. Hakuuliza habari za Tinto. Aliuliza nani atafunga, taa za korido zinawaka mpaka saa ngapi, na mlinzi ana taarifa? Maswali ya mtu anayeijua kazi. Jioni za mwanzo nilikaa peke yangu na feni. Nilipowaomba wahadhiri wa jioni watangaze darasani, watu wakaanza kuja.

Nilijiandaa kwa machozi na ushauri nasaha, na kweli wapo waliokuja na mazito. Lakini wengi walitaka karatasi: barua yenye mhuri ya kumthibitishia mwajiri kwamba tarehe fulani huyu ana mtihani. Kazi ya dakika tano, na bila barua hiyo mtu anakosa mtihani, anaburuta somo mpaka mwaka ujao. Tukatengeneza barua ya mfano, ikabaki kujazwa jina na tarehe tu. Msaidizi aliyechukua nafasi yangu anakaa jioni mbili badala ya moja, na ameomba mhuri wa pili.